Ufunguo wa Stoo ya Tarumbeta

Ngoma unaweza kuiwamba mwenyewe. Gitaa la boksi, kijana wa kibarua atalinunua akijinyima miezi michache. Tarumbeta ni jambo jingine. Bendi kamili ya ala za shaba inataka koneti kadhaa, honi, baritoni, tromboni, tuba, ngoma kubwa na ngoma ndogo. Inataka chumba chenye kufuli cha kuziweka, mafuta ya valvu, karatasi za nota na mtu anayejua kuzisoma. Mpangaji wa chumba kimoja Majengo au Makongeni hajawahi kuumudu mzigo huo peke yake. Ndiyo maana wapuliza tarumbeta wa Eastlands, mashariki ya Nairobi, karibu wote wamepitia mkononi mwa mwenye stoo: misheni, jeshi, kanisa, shule, polisi. Kila mwenye stoo alitoa ala kwa sharti lake. Historia yao ni historia ya masharti hayo, na ya jinsi wapigaji walivyoyakubali mchana na kuyakunja jioni.

Kutoka Freretown

Ala hizi ziliingilia Pwani. Mwaka 1875 Church Missionary Society ilianzisha kijiji cha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Walifundishwa kusoma, kufanya useremala na kuimba tenzi, na kijiji kikawa na bendi yake ya shaba. Sultani wa Unguja naye alikuwa na bendi, wapigaji wake wakiwa Wagoa. Manowari za Waingereza zilipotia nanga zilishusha wanamaji na mabaragumu yao. Vijana wa Lamu na Mombasa waliona, wakasikiliza, na kufikia miaka ya 1890 walikuwa na ngoma yao wenyewe iliyoitwa beni.

Beni haikuwa bendi ya jeshi. Ilikuwa ni watu wa mji waliojivisha ujeshi. Kundi lilikuwa na mfalme, majenerali, makapteni, madaktari na makarani. Lilikuwa na sare, na lilikuwa na hasimu wa kulishinda kwa mavazi, kwa karamu na kwa mafumbo ya nyimbo. Mombasa yalivuma makundi ya Kingi na Scotchi. Tanganyika, ambako Vita vya Kwanza vya Dunia viliieneza beni kila palipopita askari, yakawa Marini na Arinoti. Penye fedha walinunua matarumbeta na ngoma za Kizungu. Pasipo fedha, hasa bara, walipuliza mabuyu yaliyotobolewa na kuzibwa kwa utando, mpaka yakatoa mngurumo uliokaribia ule wa shaba. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alionyesha kwamba nyuma ya vyeo hivyo vya mchezo kulikuwa na kazi za kweli. Wanachama walichangiana, walizikana, na walimpokea mgeni aliyeingia mjini bila ndugu.

Maofisa wa kikoloni hawakupendezwa. Waliona Waafrika wa makabila mbalimbali wakitoa michango, wakiandika daftari na kutuma barua kutoka mji hadi mji, wakashuku kuwa mna siasa ndani yake. Kilichowatia wasiwasi kilikuwa wazi: hapa palikuwa na tarumbeta ambayo hakuna Mzungu aliyeigawa wala angeweza kuidai irudishwe.

Mitaa iliyozaliwa na vita

King's African Rifles, kikosi ambacho watu walikifupisha wakakiita KAR, kiliundwa rasmi tarehe 1 Januari 1902. Nairobi wakati huo ilikuwa haijatimiza miaka mitatu tangu reli ifike. Katika KAR, tarumbeta haikuwa burudani kwanza. Baragumu ndilo lililoamsha askari, lililowaita kula, lililotangaza hatari na kuzima taa. Bendi ilifuata baadaye kidogo, kwa gwaride na kwa heshima ya wakubwa. Lakini jeshi la wanaume waliokusanywa kutoka kila pembe halikuweza kuishi kwa tuni za Uingereza pekee. Machi rasmi ya KAR ikaja kuwa «Funga Safari», wimbo wa askari wenyewe, wa Kiswahili, uliopanda kutoka kwa miguu ya waandamaji hadi kwenye karatasi ya bendi masta. Sharti la jeshi lilikuwa utii. Walichokirudisha askari kilikuwa wimbo, na jeshi likaona afadhali liuchukue.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliijaza Nairobi watu ambao serikali haikujua iwaweke wapi. Wapagazi wa Carrier Corps, waliobeba risasi na unga wa jeshi hadi ndani ya Tanganyika na kufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi, waliacha jina lao kwenye kambi iliyogeuka mtaa wa Kariokor. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Pumwani ikapimwa jirani yake kuwa makazi ya Waafrika, na ndani yake wenyeji walijenga nyumba zao za udongo, eneo ambalo mpaka leo ni Majengo. Wenye nyumba wengi walikuwa Waislamu, wanaume kwa wanawake, na lugha ya uani ilikuwa Kiswahili. Ukumbi mkubwa wa Pumwani, Memorial Hall, ulijengwa kwa kumbukumbu ya Waafrika waliokufa vitani.

Mtaa wa namna hiyo ulikuwa tayari kwa beni. Walikuwamo askari waliostaafu wanaojua gwaride, watu wa Pwani wanaojua mashindano, na makarani wanaojua kuweka hesabu ya michango. Wanawake walikuwa na ngoma yao, lelemama. Siku ya sikukuu kundi lilitoka na sare zilizopigwa pasi, ngoma kubwa mbele. Aliyekuwa tarishi ofisini siku ya kazi akawa jenerali kwa saa chache, na watu wakampisha njia.

Damu na Moto

Mwenye stoo aliyefuata alikuja na bendera yenye rangi nyekundu, bluu na njano. Jeshi la Wokovu lilianza kazi rasmi Nairobi mwezi Aprili 1921, likiongozwa na Luteni Kanali James Allister Smith na mkewe. Lilikuwa limezaliwa mwaka 1865 mashariki ya London, huko Whitechapel, miongoni mwa vibarua, walevi na wasio na kazi. Jina lake la kijeshi lilipatikana mwaka 1878. Mwaka huohuo, katika mji wa Salisbury, mjenzi Charles Fry na wanawe watatu walijitolea kuwalinda wahubiri waliokuwa wakipigwa na wahuni barabarani. Walikuja na ala zao za shaba, wakagundua kwamba sauti ya koneti inatuliza na kukusanya umati kuliko ngumi. Bendi za Jeshi la Wokovu zikaenea kutoka hapo, mpaka kanisa likafungua kiwanda chake cha ala huko St Albans.

Mbinu iliyofaa mashariki ya London ilifaa pia mashariki ya Nairobi. Ibada haikuungoja umati ufike kanisani. Bendi ilisimama duara penye njia panda, ikapiga, watu wakajaa, mhubiri akasema, kisha kundi zima likaandamana kurudi ukumbini, waliovutwa wakifuata nyuma. Kikosi cha Quarry Road, pembeni mwa Gikomba na Kariokor, kilikuwa mahali pazuri kwa kazi hiyo, kwa sababu soko halikosi masikio. Sare, vyeo, saluti na bendera vilifahamika upesi kwa watu ambao baba zao walikuwa KAR au walicheza beni.

Nguvu ya Jeshi la Wokovu nchini iliota zaidi Magharibi, Maragoli na Bungoma, na wahamiaji waliokuja Nairobi kutafuta kazi walikuja na imani hiyo pamoja na sikio lililozoea ngoma na shaba. Mtu alifika mjini akiwa na anwani mbili: ya ndugu yake, na ya kikosi chake. Akiwa mpuliza honi kijijini, alipokelewa kikosini Nairobi kama mtu anayejulikana, akapewa kiti kwenye safu. Alipofariki, au kama walivyosema wenyewe, «alipopandishwa utukufuni», bendi ilimsindikiza, mara nyingine mpaka kaburini nyumbani, mamia ya kilomita kutoka alikofanyia kazi. Kuchangiana na kuzikana, mambo ambayo beni iliyafanya kwa jina la mfalme wa kujipachika, hapa yalifanyika kwa jina la wokovu.

Sharti la stoo hii lilikuwa zito. Mpigaji aliapa kuwa mwanajeshi wa wokovu: hanywi pombe, havuti sigara, halipwi kwa kupiga, na ala ya kikosi haiendi dansi. Lakini kanisa lilitoa kitu ambacho kambi ya askari ilikitoa kwa wachache mno, nacho ni mafunzo ya watoto. Bendi ya vijana ilikaa pembeni mwa ile ya wakubwa, na mtoto wa miaka tisa akakabidhiwa koneti kuukuu.

Utaratibu wa bendi za shaba za Kiingereza ulisaidia. Karibu kila ala, kutoka koneti ndogo hadi tuba, huandikiwa nota zake kwa ufunguo uleule wa juu, na vidole hubonyeza valvu tatu kwa mpangilio uleule. Aliyejifunza koneti anaweza kuhamia baritoni wiki ijayo bila kujifunza upya. Kinachobadilika ni mdomo na pumzi. Mwalimu mmoja na ubao mmoja vikatosha kwa watoto ishirini. Bendi ikampoteza mpuliza tuba aliyehamishiwa kazi Kisumu, ikampandisha wa baritoni, na Jumapili haikulala. Wengi waliojua sol-fa kutoka kwaya waliingia kwa mlango huo, wakahesabu do na mi kwanza, nota baadaye.

Waliorudi kutoka Burma

Vita vya Pili vya Dunia viliwachukua Wakenya karibu laki moja. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944, ikashuka bonde la Kabaw kwenye matope ya masika ya Asia, na Desemba ikaiteka Kalewa. Jeshi safari hii lilikuwa limejifunza kwamba askari aliye mbali na kwao huchoka moyo kabla ya miguu. Likaunda vikosi vya burudani, vikiwa na wanamuziki, waigizaji na wachekeshaji. Fundi Konde, Mgiriama aliyekuja kuwa miongoni mwa mabwana wa gitaa Kenya, alipitia huko. Pale mpiga gitaa alikaa jukwaa moja na wapuliza ala, akasikia rumba kutoka santuri za Kuba na dansi za Wamarekani. Walirudi na masikio mapya.

Nairobi waliyoirudia ilikuwa imeongezeka mitaa. Shauri Moyo ilikuwa imejengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati kijiji cha Pangani kilipobomolewa. Soko la jirani likaitwa Burma. Ziwani na Starehe zikafuata. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, wafungwa wa kivita wa Kiitalia wakishiriki ujenzi, ikawa na bustani katikati na ukumbi ambao siasa zake ziliufanya upewe jina la utani la bunge la Uingereza. Reli ilikuwa na wafanyakazi wake Muthurwa na Makongeni. Kila mtaa wa halmashauri ukapata ukumbi wa kijamii, na ukumbi ukaleta dansi ya Jumamosi.

Sasa kila mtaa wa halmashauri Eastlands ulikuwa na mahali pa kupigia muziki ambapo si kambi wala kanisa. Pengo likabaki kwenye stoo. Ukumbi ulikuwa na viti na jukwaa, haukuwa na matarumbeta. Bendi nyingi za dansi zikajengwa juu ya gitaa, na saksafoni au tarumbeta ikawa fahari ya bendi chache zenye mfadhili.

Kisha tarehe 20 Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari dhidi ya uasi wa Mau Mau. Mwezi Novemba aliuawa Tom Mbotela, diwani na kiongozi wa chama cha Kenya African Union aliyepinga njia ya Mau Mau. Babake, James Mbotela, ndiye mwandishi wa «Uhuru wa Watumwa», kitabu cha mwaka 1934 kinachosimulia habari za watu wa Freretown. Mtaa wa Mbotela, kusini mwa Jogoo Road, ulipewa jina hilo, kama mtaa wa Ofafa ulivyopewa jina la diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka uliofuata. Ndivyo jina la familia iliyosimulia kijiji kile cha watu waliokombolewa, chenye bendi yake ya zamani, lilivyoingia Eastlands, kwa njia ya damu.

Tarehe 24 Aprili 1954 Operesheni Anvil ilizingira mitaa hii. Askari walipita nyumba kwa nyumba, na maelfu ya wanaume wa Kikuyu, Embu na Meru wakatiwa kwenye malori kuelekea kambi za kizuizi. Sare ile ya KAR ambayo bendi iliivaa siku ya sikukuu ndiyo iliyosimama mlangoni alfajiri na bunduki. Mitaa ilijua kwamba jeshi lina nyuso mbili, na kwamba mpuliza tarumbeta hakuchagua ni upi utaonyeshwa leo. Kwa mwanamuziki wa kijeshi aliyekuwa na jamaa Bahati au Kaloleni, mshahara na aibu viliingia mfuko mmoja.

Vibanda viwili vya bati

Hali ya Hatari iliacha watoto. Wavulana ambao baba zao walizuiliwa au walikufa walizagaa mitaani, na mwezi Novemba 1959 watu watatu, Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walifungua kituo cha kuwaokoa kwenye vibanda viwili vya bati vilivyotolewa na kampuni za Shell na BP, hatua chache kutoka Kariokor na Pumwani. Ndipo ilipoanza Starehe Boys' Centre. Griffin aliiongoza mpaka alipofariki mwaka 2005.

Griffin alikuwa amehudumu jeshini, na alijua kinachofanya kundi la vijana waliovunjika lisimame wima. Starehe ikawa na sare, zamu, gwaride na bendi ya shaba. Bendi ya Starehe ikaja kusikika nje ya malango ya shule, katika sherehe za taifa na hafla za serikali, wavulana wa kaptura wakipita mbele ya wakubwa kwa mwendo ambao kambi yoyote ingejivunia. Hapa sharti la stoo lilikuwa masomo na nidhamu. Yule aliyeshindwa kufika mazoezini alijua ana mwenzake anayengoja koneti yake. Kwa mvulana aliyetoka mtaa wa mabanda, bendi ilikuwa mahali pa kwanza ambapo watu wazima walisimama kumtazama bila kumshuku.

Starehe haikuwa peke yake. Makanisa ya Kipresbiteri yalikuwa na Boys' Brigade, chama kilichoanzia Glasgow mwaka 1883, na vijana wake walipiga ngoma na baragumu siku ya bwana. African Israel Nineveh na makanisa mengine ya Kiafrika yaliandamana na ngoma na bendera, mavazi meupe, bila shaba. Mtoto aliyelelewa Makadara au Jericho katika miaka ya 1960 angeweza kusikia maandamano matatu Jumapili moja, na kuyatofautisha kabla hayajapinda kona.

Gwaride na dansi

Uhuru ulipokaribia mwaka 1963, Kenya ilihitaji wimbo wa taifa unaoweza kupigwa na bendi. Tume ya wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya, Washington Omondi na Thomas Kalume, ilichagua tuni ya bembelezi ya Wapokomo wa mto Tana. Wimbo wa mama kumlaza mtoto ukapangwa upya kwa koneti, tromboni na ngoma kubwa, ukawa wa kusimamia wima. Batalioni za KAR zilizobaki Kenya, ya 3, ya 5 na ya 11, zikageuka Kenya Rifles, na bendi zikabadilisha beji. Polisi, Magereza na baadaye Vijana wa Huduma kwa Taifa, chombo kilichoundwa 1964, wakawa na bendi zao. Dola mpya ilihitaji shaba kuliko ile ya zamani, kwa maana sikukuu ziliongezeka, wageni wa heshima waliongezeka, na kila gwaride la kuhitimu lilitaka machi.

Jeshi hilohilo likazaa bendi ya dansi. Maroon Commandos, ya Batalioni ya Saba ya Kenya Rifles katika kambi ya Langata, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 chini ya Habel Kifoto, na mwaka 1977 wimbo wake wa Kitaita «Charonyi ni Wasi» ukaenea nchi nzima. Askari mchana, mwanamuziki usiku: matarumbeta na saksafoni za Maroon zilipiga rumba katika muziki ambao Eastlands iliucheza kwenye baa na kwenye redio. Ile mistari mirefu ya shaba, wapulizaji wakijibizana na gitaa, ilisikika pia kwa Wakongo waliohamia Nairobi. Les Mangelepa, waliojitenga na Baba Gaston mwaka 1976, walifanya shaba kuwa uso wa bendi. Kijana wa Shauri Moyo aliyefunzwa kanisani akasikia kwamba valvu tatu zilezile zinaweza kusema neno jingine.

Akikumbuka kiapo chake, kusikia huko kulikuwa jaribu. Wapo waliobaki kwenye kikosi maisha yao yote. Wapo waliovuka, wakaachiwa ala na mwenye klabu, wakafungiwa mlango na kanisa. Wengine walijua kupita katikati: Jumamosi usiku klabuni kwa ala ya klabu, Jumapili asubuhi kikosini kwa ala ya kikosi, na midomo iliyovimba ikiwasaliti mbele ya bendi masta. Mdomo wa mpulizaji ni msuli. Ukiutumia saa sita usiku, asubuhi nota za juu zinakataa kutoka.

Miaka ya 1980 iliukata mkono wa dansi. Kinanda cha umeme kikaiga shaba kwa mtu mmoja badala ya wanne, na mwenye klabu akafanya hesabu. Wanamuziki wa kigeni walibanwa kwa vibali vya kazi. Kaseti za kurudufu zikala mapato. Shuleni, muziki uliingia na mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, kisha baadaye ukaacha kutahiniwa katika shule za msingi, na somo lisilo na mtihani halipati ala. Kumbi za mitaa zikachakaa. Mwishoni mwa karne, aliyetaka kujifunza tarumbeta Eastlands alikuwa amerudi palepale, kwa kanisa, kwa Starehe, au kwa kuandikishwa kuwa askari. Kenya Conservatoire of Music, iliyokuwapo tangu 1944, ilikuwa mjini karibu na Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza, na karo yake haikumlenga mtoto wa Dandora.

Pumzi ya Korogocho

Mwaka 2008, katika kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana, Korogocho, Elizabeth Njoroge alianza na watoto wachache kitu kilichokuja kuitwa Ghetto Classics. Padri John Webootsa, mmisionari wa Comboni aliyekuwa akiitumikia parokia hiyo, alitafuta jambo la kuwashika vijana wasimezwe na magenge. Kanisa limepakana na dampo la Dandora, ambalo limepokea taka za Nairobi tangu miaka ya 1970. Mwaka mmoja kabla, 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilipima watoto 328 wa eneo hilo, wengi wakiwa wanafunzi wa shule ya parokia, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa. Magonjwa ya kifua yalikuwa ya kawaida.

Hapo, mahali ambapo hewa yenyewe ni hatari, watoto walipewa ala zinazopigwa kwa hewa. Mazoezi ya kwanza ya mpulizaji hayagusi ala: simama, legeza mabega, vuta pumzi mpaka tumboni, itoe polepole ukihesabu. Upepo ukitoka dampo na moshi wake, darasa lilifunga madirisha na kuendelea. Jambo la kawaida kabisa katika mafunzo ya tarumbeta lilikuwa Korogocho somo la afya, na pia shtaka kwa jiji.

Ala zilianza kama misaada, nyingine zimetumika, nyingine zina nundu. Kuanzia 2014 mapato ya tamasha la jazi la Safaricom yalielekezwa kwa mradi huo, na Safaricom Youth Orchestra ikaundwa kuwakutanisha vijana wa Korogocho na wenzao wa mitaa ya kitajiri. Wasichana walikaa kwenye safu za tarumbeta na tromboni, safu ambazo KAR haikuwahi kuwafikiria. Mjini palikuwa na kielelezo chao, Christine Kamau, mpuliza tarumbeta wa jazi mwenye bendi yake. Nairobi Horns Project, iliyoundwa 2011 na Mackinlay Mutsembi na wenzake, ilikuwa imethibitisha kwamba tarumbeta, saksafoni na tromboni zinaweza kusimama mbele ya jukwaa bila mwimbaji na bila kofia ya kijeshi, zikapiga nyimbo ambazo Mkenya anazijua tangu nota za kwanza.

Sharti la Ghetto Classics ni jepesi kulisema na gumu kulitimiza. Anayejua amfundishe asiyejua. Waliojifunza kwanza wakawa wakufunzi wa waliofuata, wakalipwa kitu kwa kazi hiyo, na mradi ukatoka Korogocho ukafika shule nyingine za Nairobi na hata Mombasa, jiji ambako Kingi na Scotchi waliwahi kuandamana. Tofauti na misheni ya 1875, mwalimu sasa anaishi mtaa mmoja na mwanafunzi, anajua nyumba ipi haina chakula, na anajua mtoto aliyekosa mazoezi amepelekwa kuokota chupa za plastiki dampo.

Bado hesabu moja haijakaa sawa. Katika Kenya ya leo, kijana aliyebobea kwenye koneti ana mahali pachache pa kupata mshahara wa kila mwezi, bima na pensheni kwa kupuliza, napo ni jeshi, polisi, magereza na vyombo vingine vya sare. Harusi na matamasha humlipa kwa siku. Kanisa halimlipi. Eastlands imejifunza kujitengenezea wapigaji na walimu wake bila kuomba ruhusa kambini, jambo ambalo vizazi vitatu vilivyotangulia havikuweza. Kaunti ya Nairobi imerithi kumbi za Kaloleni, Pumwani na Makadara kutoka halmashauri ya kikoloni. Ingeweza kuweka katika bajeti zake nafasi ya bendi masta wa mtaa kama inavyoweka ya mwalimu wa chekechea au ya askari wa jiji. Mpaka nafasi hiyo ipatikane, mtoto wa Korogocho atakapofika miaka kumi na minane na midomo imekomaa, ataendelea kufanya uamuzi ambao mpulizaji wa KAR aliufanya: avae sare ndio apate kuishi kwa muziki wake, au abaki huru na kutafuta kazi nyingine ya kumlisha.